Mgeni Haoni Mshono: Modi Kubwa na Mchezaji wa Mara ya Kwanza

1. Utangulizi

Swali lenyewe ni fupi. Mtu anayetaka kucheza gemu ya uhusika kwa mara ya kwanza aanze nayo kama ilivyotoka kwa watunzi wake, au aibandike kwanza yale mageuzi makubwa yaliyotengenezwa na mashabiki, ambayo wajuzi humwambia kwamba bila hayo gemu hainogi? Katika hosteli zetu swali hili huulizwa karibu kila muhula, hasa na wale waliopata laptopu zao za kwanza, na jibu huwa la haraka: "We weka zote, utakuja kunishukuru." Katika makala hii nitajaribu kulijibu polepole kidogo.

Huenda msomaji akauliza, jamani, gemu zimeingiaje katika jarida la uhakiki wa fasihi? Zimeingia kwa mlango ule ule walioingilia filamu na michezo ya redio. Gemu ya uhusika ina wahusika, mandhari, msuko na dhamira, na ina mazungumzo yaliyoandikwa na watu wenye majina. Baadhi yetu sasa tunaziandikia hata kazi za semina, na hapo ndipo penye hatari. Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliwasilisha mada juu ya falsafa ya gemu iitwayo Skyrim. Alieleza vizuri sana kwamba mtunzi anauchora ulimwengu usiomjali binadamu: mfu anayelinda kaburi la kale ana nguvu zile zile, uje ukiwa mchanga au uje ukiwa umekomaa. Alipigiwa makofi. Tatizo ni kwamba ulimwengu huo haumo katika Skyrim. Umo katika modi aliyowekewa na rafiki yake siku ile ile aliyopewa gemu. Alimsifu mtu mmoja kwa kazi ya mtu mwingine, na hakuwa na njia ya kujua.

Hilo ndilo suala ninalotaka tulijadili. Linahusu gemu, lakini kama tutakavyoona, linatuhusu pia sisi tusiogusa gemu kabisa.

2. Ufafanuzi wa dhana

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, ni vema tukakubaliana juu ya maneno.

Gemu ya uhusika ni ile ambayo mchezaji hapewi mpira wala gari la mashindano, bali hupewa nafsi. Humchagulia mhusika wake jina, asili, stadi na tabia, kisha humwingiza katika ulimwengu wenye hadithi ndefu, na kadiri anavyotenda ndivyo mhusika huyo anavyopanda levo. Hadithi ya gemu moja ya namna hii yaweza kuchukua saa hamsini, hata mia.

Modi ni faili lililotengenezwa na mtu ambaye si mtunzi, likaongezwa juu ya gemu ili kubadili kitu fulani. Kampuni ya Bethesda ya Marekani ilipotoa Morrowind mwaka 2002 iliwapa wachezaji wa kompyuta pia zana ya kuuhariri ulimwengu wake. Ilifanya vivyo hivyo kwa Skyrim, iliyotoka Novemba 2011, zana yake ikafuata mwaka 2012. Namna modi inavyofanya kazi ni muhimu kwa hoja yangu, hivyo msomaji anivumilie. Gemu hupakia kwanza faili lake la asili, kisha hupakia modi moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Pale ambapo mafaili mawili yanazungumzia kitu kimoja, tuseme nguvu za mnyang'anyi fulani, lile lililopakiwa mwisho ndilo lenye kauli. La mwanzo hunyamaza. Hakuna alama yoyote kwenye skrini inayomwambia mchezaji kwamba hapa amesema mtunzi na hapa amesema shabiki.

Modi zote hazilingani. Kwa ajili ya makala hii nitazigawa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni kiraka: modi inayosahihisha makosa tu, kama vile mlango usiofunguka au jukumu lisilokamilika hata ukifanya kila ulichoambiwa. Ni kazi ile ile ya msomaji prufu. Ya pili ni pambo: mawe yang'ae zaidi, nyasi ziwe nyingi, sura za watu zipendeze. Ya tatu ni ile ambayo fundi gari angeiita kushusha injini. Hapa kila kitu hufunguliwa, kikawekwa chini na kufungwa upya kwa fikra nyingine: kanuni za vita, bei za sokoni, nguvu za maadui, njaa, maumivu, wakati mwingine hata mwendo wa hadithi. Ninaposema modi kubwa katika makala hii nina maana ya ngazi hii ya tatu.

3. Kushusha injini hubadili nini?

Wapo wanaodai kuwa modi kubwa hubadili ugumu tu. Gemu ilikuwa rahisi mno, imekuwa ngumu, basi. Hebu tutazame kama ni kweli.

Mwaka 2006 Bethesda ilitoa Oblivion. Katika gemu hiyo ulimwengu ulipanda pamoja na mchezaji: ukipata nguvu, na maadui nao wanapata. Nia ilikuwa njema, kwamba uende popote upendapo, wakati wowote, usikute njia imefungwa. Lakini wachezaji waliofika levo za juu walianza kukutana na wanyang'anyi wa kando ya barabara waliovaa deraya za kioo zenye thamani ya utajiri mzima, wakimdai mpita njia visenti. Watu wakacheka, kisha wakakasirika. Ndipo modi kubwa iitwayo Oscuro's Oblivion Overhaul ikajipatia sifa kwa kuurudisha ulimwengu mahali pake: pango la hatari likabaki la hatari tangu siku ya kwanza, na mnyang'anyi akabaki na ngozi yake na shoka lake.

Skyrim ililegeza jambo hilo lakini haikuliacha. Sehemu nyingi bado hujipima kwa levo ya mchezaji. Modi iitwayo Requiem ikaja kuliondoa. Katika Requiem, ukiingia kaburini ukiwa huna stadi wala silaha ifaayo, unakufa. Ukirudi, unakufa tena, mpaka ujifunze kwamba hapa bado si mahali pako.

Sasa ndugu msomaji, hilo ni suala la ugumu tu? La hasha! Skyrim yenyewe inamwambia mchezaji: wewe ndiwe uliyetabiriwa, ulimwengu umekaa ukikungoja, popote utakapogusa patafunguka. Hadithi yake yote imejengwa juu ya mteule mwenye damu ya majoka, na kanuni za gemu zinaitika wimbo huo huo. Requiem inaacha maneno ya hadithi kama yalivyo, lakini kanuni zake zinasema kinyume: ulimwengu ulikuwepo kabla yako na hauna habari nawe. Kwa lugha tuliyofundishwa darasani, maudhui yaliyoandikwa yamebaki na fani imebadilishwa, na fani ilipobadilika ikaondoka na nusu ya maudhui. Tunakariri kila mwaka kwamba fani na maudhui havitenganishwi. Huu hapa ushahidi ambao mtu anaweza kuucheza kwa mikono yake.

Sisemi Requiem ni mbaya. Kwa maoni yangu imefikiriwa kwa kina, na kuna jioni nyingi ningeichagua yenyewe. Ninachosema ni kwamba ni tamko jingine, la watu wengine, juu ya maisha.

4. Kisa cha kwetu: filamu zilizotafsiriwa

Swali hili si geni katika nchi yetu. Tumeliishi kwa miaka mingi katika mabanda ya video.

Natoka Kilolo, mkoa wa Iringa. Pale Ilula, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, kati ya meza za nyanya na vitunguu, watoto wengi wa rika langu waliziona filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani kwa mara ya kwanza zikiwa tayari na sauti ya mtafsiri juu yake. Aliyelifanya jina la kazi hiyo livume Tanzania ni Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake ilisafiri kwa mikanda na baadaye kwa diski mpaka vijijini, na baada yake wamekuja wengine wengi. Wakenya wanaye DJ Afro, na Waganda wana ma-VJ wao, kama VJ Jingo, wanaosimulia kwa Kiluganda.

Sanaa ya watu hawa imewahi kufananishwa na kuugeuza wali kuwa pilau, na aliyewahi kuwasikiliza ataelewa. Mtafsiri hakai ndani ya mazungumzo ya filamu. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza mila za ugenini, anamkejeli adui, anamwonya shujaa kabla hajafungua mlango, anachomeka mzaha wa wiki hii katika filamu ya miaka thelathini iliyopita. Pale waigizaji wanaponyamaza, yeye hanyamazi. Ni modi kubwa, tena ya sauti ya juu!

Sasa nitoe mfano mmoja. Kuna filamu ya ngumi za Kichina ambayo sisi wa Ilula tuliijua kama hadithi ya mpwa na mjomba: kijana anapigana na mzee, na katika pambano la mwisho mtafsiri anatukumbusha kwamba yule ni mjomba wake, damu yake mwenyewe. Watu wazima walikuwa wakitikisa vichwa. Mjomba kwetu si mtu wa kupigwa hivi hivi. Miaka mingi baadaye niliiona filamu hiyo tena hapa chuoni, ikiwa na maandishi chini. Hakuna undugu wowote. Yule mzee alikuwa bwana wa jirani aliyechukua ardhi. Undugu ule ulikuwa mali ya mtafsiri, na kusema haki, ulikuwa mtamu kuliko filamu.

Kisa hiki kinafundisha mambo mawili yanayovutana. La kwanza, mgeuzaji anaweza kumshinda mtunzi, kwa hiyo tusiwaone waweka modi kama waharibifu. La pili, mtazamaji wa mara ya kwanza hawezi kujua ni nani amemliza. Sauti ya mtafsiri tuliisikia waziwazi, tulijua kabisa kwamba ni ya mtu mwingine. Lakini kwa kuwa hatukujua lugha ya chini yake, hatukuweza kutofautisha alichokipokea na alichokiongeza. Mshono ulisikika lakini haukusomeka.

5. Takhmisa: mshono unaoonekana

Wapo watakaosema kwamba mabadiliko ya aina hii ni ya kisasa, ni mambo ya mashine. Hapana. Ushairi wa Kiswahili una utaratibu wake wa zamani wa kuingia katika kazi ya mwingine na kuipanua, nao ni takhmisa.

Katika takhmisa, mshairi huchukua shairi la mshairi aliyemtangulia, na kwa kila mafungu mawili ya shairi hilo huongeza mishororo yake mitatu, ikawa mitano. Kwa kawaida mitatu ya mgeuzaji hutangulia na miwili ya mwenye shairi hufuata. Mfano mashuhuri ni takhmisa ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Takhmisa hiyo inahusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule anayetajwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi. Watu wengi walioyapokea maneno hayo ya Liyongo wameyapokea yakiwa ndani ya nyumba ya Sayyid Abdalla. Hawakuyakuta yakiwa peke yake.

Je, si sawa na mchezaji aliyeanza na Requiem? Nadhani si sawa, na tofauti yake ndiyo kiini cha makala hii. Takhmisa hujitangaza. Msomaji anayeijua bahari hiyo anahesabu: huu wa kwanza, wa pili na wa tatu ni wa mpanuaji, na hapa anaanza mwenye shairi. Umbo lenyewe limebeba mpaka. Mpanuaji hawezi kumfunika aliyemtangulia hata akitaka, kwa sababu ustadi wake unapimwa kwa namna mishororo yake inavyomwandalia mwenzake mahali pa kuingia. Ukitaka kuitoa mitatu na kubakiza miwili, unaweza kufanya hivyo kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa.

Basi tuna hali tatu. Katika takhmisa mshono unaonekana na unasomeka. Katika filamu iliyotafsiriwa mshono unasikika lakini mgeni hausomi. Katika modi kubwa hakuna mshono kabisa, kwa kuwa faili la mwisho limelinyamazisha la kwanza. Hapo mgeni anaona kitambaa kimoja tu, na yeyote atakayemwuliza mshonaji ni nani, atajibu jina lililoandikwa kwenye kasha.

6. Hoja za upande wa pili

Wanaotetea modi kubwa kwa mchezaji mgeni wana hoja, na si haki kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza ni ya muda. Mwanafunzi ana mitihani, ana kazi za semina, ana umeme unaokatika. Gemu ya saa mia ataicheza mara moja tu maishani, kwa nini asiicheze katika sura yake bora? Hoja hii ina uzito. Lakini "bora" hapo ni neno la mtu aliyekwisha kuicheza gemu mara tatu. Modi kubwa huzaliwa na uchovu wa mjuzi: ameshajua kila kona, ameshachoka kushinda, anataka kitu cha kumtisha tena. Mgeni hana uchovu huo. Kumpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao ni kumtesa, na ndiyo maana wengi huwekewa modi hizi na kuiacha gemu wiki ya kwanza wakisema haieleweki. Tukiacha hayo, pakiti kubwa za modi zinakula bando la mwezi mzima na laptopu zetu hizi za mkono wa pili hazizibebi. Gemu tupu mara nyingi inakwenda.

Hoja ya pili ni ya ubovu: kwamba watunzi wenyewe walikosea, na modi imewasahihisha. Kwa Oblivion wanyang'anyi wa deraya za kioo ni kosa kweli, wala simtetei mtu. Hata hivyo, kosa la mtunzi nalo ni habari. Mhakiki anayetaka kueleza kwa nini ulimwengu unaopanda na mchezaji unachosha, lazima aonje mwenyewe huo uchovu. Akianza na toleo lililotibiwa ataandika kwamba Oblivion haina tatizo hilo, na atakuwa mwongo bila kukusudia.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, nayo imetoka kwetu wenyewe. Inasema hivi: katika fasihi simulizi hakuna kazi tupu. Kila fanani huitamba hadithi upya, kila utendaji ni toleo, kwa hiyo kung'ang'ania "asilia" ni mazoea ya watu wa vitabu vya chapa. Mchezaji na waweka modi ni hadhira na mafanani wa leo, waacheni watambe.

Nakubaliana na mwanzo wa hoja hii, sikubaliani na mwisho wake. Ni kweli fanani hubadili. Lakini mabadiliko yake humfurahisha nani? Kwa nilivyoona kwetu, bibi anaposimulia ngano ya sungura na fisi na kumpeleka fisi kwenye mashine ya kusaga mahindi, wanaoangua kicheko ni wale wakubwa waliokwisha kuisikia mara kumi na wanaojua kwamba fisi hakuwahi kufika huko. Yule mdogo kuliko wote hacheki, yeye anaamini tu. Utamu wa badiliko unategemea kumbukumbu ya kile kilichobadilishwa. Kwa maana hiyo fasihi simulizi haimpingi anayesema anza na ile ijulikanayo na wote. Inamuunga mkono. Jamii yenyewe hulinda hadithi kwa kuirudia mpaka kila mtu awe na kipimo, kisha ndipo fanani huachiwa kucheza nayo. Mchezaji aliye peke yake na laptopu yake hosteli hana jamii hiyo ya kumpa kipimo. Anapaswa kujipatia mwenyewe, na nafasi ya kujipatia ni ile mara ya kwanza tu.

7. Pale kazi tupu inapokuwa imefungwa

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba nahubiri usafi. Kuna kazi ambazo zikiwa tupu hazichezeki, na kuna wachezaji ambao kazi tupu imewafungia mlango.

Mfano wa kwanza ni Vampire: The Masquerade – Bloodlines. Ilitolewa Novemba 2004 na kampuni ya Troika ikiwa na makosa mengi ya kiufundi, na mwaka 2005 kampuni hiyo ikafungwa, hivyo hapakuwa tena na mwenyewe wa kuitengeneza. Mashabiki ndio walioishika, hasa Mjerumani Werner Spahl, aliyeendelea kuitolea viraka kwa miaka mingi. Kinachonivutia ni uaminifu wa kiraka hicho: wakati wa kukiweka unaulizwa kama unataka toleo la msingi, linalosahihisha makosa, au lile la nyongeza, linalorudisha na kubadili mambo mengine. Huyo ni mhariri anayeonyesha mshono wake. Mgeni achukue la msingi bila wasiwasi.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Star Wars: Knights of the Old Republic II ya kampuni ya Obsidian ilitoka Desemba 2004 kwa haraka, na sehemu zake za mwisho zilikatwa. Mashabiki walikuta ndani ya mafaili yake mazungumzo na matukio yaliyoachwa, wakayarudisha kwa modi. Je, hiki ni kiraka au ni kushusha injini? Sisi wa fasihi tunalifahamu tatizo hili: ni sawa na mhariri anayekuta kurasa katika mswada wa mwandishi ambazo hazikuingia kitabuni. Maneno ni ya mwandishi, uamuzi wa kuyarudisha si wake. Mimi naona mgeni anaweza kuanza na modi hiyo, mradi ajue kwamba anasoma toleo la wahariri, na akiandika juu ya mwisho wa gemu ile aseme ni mwisho upi.

Mlango mwingine ni lugha na mwili. Mchezaji asiyeona vizuri akiweka modi ya kukuza maandishi, hakuna aliyeibiwa. Ni hivyo hivyo kwa modi itakayotafsiri maneno ya gemu kwa Kiswahili kwa uaminifu. Na hapa nirudi Ilula. Wazee waliokaa kwenye mabenchi ya banda lile hawakuwa wakichagua kati ya filamu tupu na filamu ya mtafsiri. Walikuwa wakichagua kati ya mtafsiri na kutoona kitu. Kwao mtafsiri alikuwa mlango, na anayewacheka leo kwamba waliona filamu "za uongo" hajui anachokisema. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa leo anayeweza kusoma lugha ya gemu, mwenye gemu nzima mkononi, hana sababu ya kupita dirishani.

Tena kuna kazi zilizovuka mpaka zikawa kitu kingine kabisa. Enderal, iliyotolewa mwaka 2016 na kikundi cha Kijerumani cha SureAI, imejengwa juu ya mitambo ya Skyrim lakini ina nchi yake, watu wake, hadithi yake na jina lake. Hiyo si Skyrim iliyogeuzwa, ni kazi mpya kwa zana za kuazima. Icheze wakati wowote, kwa sababu haikudanganyi kuhusu ni ya nani.

8. Na sisi tusiocheza gemu?

Nilisema suala hili linatuhusu sote, na sasa nilimalize deni hilo. Modi kubwa iliyoenea kuliko zote katika vyuo vyetu haiko kwenye kompyuta. Ni desa.

Ni wangapi kati yetu tulikutana na riwaya ya kwanza ya sekondari kupitia kijitabu cha uchambuzi? Mwanafunzi anajua dhamira saba za Rosa Mistika kabla hajamsikia Rosa mwenyewe akizungumza. Anapoifungua riwaya ya Kezilahabi, kama ataifungua, anawatafuta ndani yake wale "wasichana walioathiriwa na malezi makali" aliokwisha kukabidhiwa, naye atawapata, kwa sababu macho yameshaelekezwa. Desa limepakiwa mwisho, nalo ndilo lenye kauli. Riwaya imenyamaza. Na ubaya wa desa kuliko takhmisa ni ule ule: halionyeshi wapi anaishia Kezilahabi na wapi anaanza mchambuzi asiyetajwa jina.

Walimu wetu wanalalamika kwamba majibu ya mitihani yanafanana kama matofali. Yatafanananaje kama si hivyo, wakati wote tumeanza na modi moja? Kijana anayeambiwa aanze gemu ikiwa imeshafumuliwa na anayeambiwa aanze na desa wamepewa ushauri mmoja: wote wawili wameambiwa wapokee hukumu kabla ya kesi.

9. Hitimisho

Kwa kuhitimisha, ushauri wangu kwa anayeanza ni huu:

(a) Weka viraka vya makosa, na chochote kinachokufungulia mlango: maandishi makubwa, rangi unazoweza kuziona, lugha unayoielewa.

(b) Mapambo yasubiri. Hata sura mbaya za watu wa Oblivion ni sehemu ya mwaka 2006, nazo zina ucheshi wake.

(c) Modi za kushusha injini zisubiri mpaka umalize, au angalau mpaka uweze kueleza kwa maneno yako mwenyewe nini kinachokuudhi katika gemu tupu. Ukiweza kukitaja, una kipimo, na modi itakayokitibu utaifurahia kama wale wakubwa wanavyomfurahia fisi wa mashineni.

(d) Ukishindwa kusubiri, au ukiwa na muda wa mara moja tu, basi chagua modi yako na uicheze kwa raha zote. Lakini ukija semina usituambie umecheza Skyrim. Tuambie umecheza Requiem, na uwataje walioitengeneza. Nao ni watunzi, wanastahili kusifiwa na kulaumiwa kwa majina yao.

Yule mwenzetu wa semina nilimwazima gemu tupu. Sasa anaicheza, na juzi kantini alinilalamikia kwamba wale wafu wa makaburini ni walaini mno, hawatishi. Nikamwambia aliandike hilo hilo, kwa sababu hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza ya uhakiki juu ya Skyrim.